Ufugaji wa Mjusi Chui (Sehemu ya Pili): Nyumba Yake

Katika sehemu ya kwanza tulimtazama mjusi chui mwenyewe: ngozi ya manjano yenye madoa meusi, mkia mnene unaohifadhi mafuta, na kope anazofumba na kufumbua, jambo ambalo mjusi kafiri wa kuta zetu hawezi. Leo tuingie katika nyumba yake. Hapa ndipo wafugaji wengi hukosea, tena kabla mnyama hajafika.

Kwao ni nchi kavu yenye mawe ya Pakistan, Afghanistan na kaskazini-magharibi mwa India. Edward Blyth alimweleza kisayansi kwa mara ya kwanza mwaka 1854. Mchana mjusi huyu hujibanza katika nyufa na chini ya mawe; jua likizama hutoka kuwinda, na mawe yangali na joto la mchana kutwa. Mawe yenye joto na ufa wa kujificha: hivyo ndivyo vitu tunavyojaribu kumwigia ndani ya tangi la kioo.

Mwili wake hauzalishi joto la kutosha. Hulichota nje, na bila joto hilo wadudu aliowameza hawasagiki sawasawa tumboni. Lakini joto likizidi nalo humuua. Kwa hiyo tangi lazima liwe na pande mbili. Upande wa joto, uso wa jiwe au kigae ufikie nyuzi 32 hivi za Selsiasi. Upande wa pili hewa ibaki kwenye 24 hadi 26. Yeye mwenyewe atahama kadiri mwili wake unavyotaka. Ndiyo maana ninashauri tangi la urefu wa sentimeta 90 na upana wa 45. Katika tangi dogo joto husambaa kote, mnyama akakosa pa kukimbilia. Kimo si hoja sana, maana vidole vyake vina kucha tu, havinati kwenye kioo kama vya mjusi kafiri.

Joto lenyewe hutoka kwenye taa iliyofungwa juu au mkeka wa umeme uliowekwa chini ya tangi. Chochote utakachochagua, kiunganishe na thamostati. Nasisitiza, kwa sababu watu hununua mkeka, wakaiacha thamostati ili kuokoa fedha, kisha mjusi akaungua tumbo. Kipimajoto kiguse pale anapolala. Kile cha kubandika kwenye kioo hupima kioo.

Maficho yawe matatu: moja upande wa joto, moja upande wa baridi, na la tatu lenye unyevu katikati. Hili la tatu watu hulipuuza. Kopo la plastiki lenye tundu, ndani makumbi ya nazi yaliyosagwa na kuloweshwa kidogo, linatosha. Mjusi anapojivua ngozi pakavu, vipande hung'ang'ania vidoleni, vikakaza kama uzi, damu ikashindwa kupita, na kidole hukatika. Nyumba nzima iwe kavu, kopo hilo lisikauke kamwe.

Kuhusu sakafu kuna ubishi. Mchanga mkavu uliolegea hupendeza macho, lakini mjusi akirukia nyenje huumeza pia, na unaweza kuziba utumbo, hasa kwa mdogo au mgonjwa. Huyo mwekee taulo za karatasi au vigae. Mkubwa mwenye afya anaweza kupewa udongo uliochanganywa na mchanga na kushindiliwa ukawa mgumu. Ule mchanga wa rangi unaouzwa kwa jina la kalsiamu, uache dukani.

Taa ya miale hafifu ya urujuanimno humsaidia kutengeneza vitamini D3. Iwake mchana, izimwe usiku. Weka bakuli la maji na kisahani cha unga wa kalsiamu. Na mjusi awe mmoja. Madume wawili watapigana hadi kuumizana vibaya, na hata majike hunyang'anyana mahali penye joto.

Ukishamaliza, washa kila kitu na upime asubuhi, mchana na usiku kwa wiki nzima, tangi likiwa tupu. Rekebisha hadi nyuzi zitulie, ndipo ukamlete. Akitunzwa vizuri ataishi humo miaka 15 hadi 20.

Sehemu ya tatu itahusu chakula chake.