Gari la Umeme Siakago: Ufunguo U Kwa Nani?

Ukimtajia mtu wa Mombasa au Malindi jina la Siakago, ikiwa amepata kulisikia, jambo la kwanza litakalomjia ni muguka. Jani hilo hulimwa Mbeere, hupakiwa magarini na kukimbizwa huku kwetu kabla halijanyauka. Mwezi wa Mei mwaka 2024 magavana wa Pwani walipolipiga marufuku, mahakama ikaisimamisha amri yao, na magari yakaendelea kushuka. Ndiyo maana jamaa zangu walinicheka nilipowaaga. "Mtu mzima mwenye kofia yako, Siakago wafuata nini?" Sikufuata jani. Nilifuata ugomvi wa majirani wawili.

Rafiki yangu mmoja wa zamani, mwalimu mstaafu aliyefundisha miaka mingi Malindi kabla ya kurudi kwao Mbeere, alinipigia simu kunieleza kuwa amenunua gari lisilotia petroli. Nikampa mkono wa heri. Akaniambia, "Ngoja kwanza, Ustadh. Na jirani yangu kijana analo, kubwa zaidi na jipya zaidi. Na kwa ajili ya magari hayo, sasa hatusemezani." Nikaona hii ni habari ya kuifuata mwenyewe.

Siakago ni mji mdogo wenye jua kali na vumbi jekundu, chini ya kilima cha Kiang'ombe. Ulipata kuwa makao makuu ya Wilaya ya Mbeere ilipoundwa mwaka 1996. Leo u katika Kaunti ya Embu. Wenyeji hulima mtama, kunde na pojo, na hilo jani letu la maneno. Lakini msomaji wa Pwani ana deni jingine na nchi hii ambalo halizungumzwi. Kusini ya mji, katika mto Tana, yamepangana mabwawa matano ya umeme: Kindaruma la mwaka 1968, Kamburu la 1974, Gitaru la 1978, Masinga la 1981 na Kiambere la 1988. Kutoka Kiambere waya mkubwa hushuka hadi Rabai, mlangoni mwa Mombasa. Na maji yenyewe, yakishazungusha mitambo, huendelea na safari hadi baharini kwenye pwani ya Kipini. Basi taa niliyosomea ujanani na maji ya Ozi vyote vimepita hapa. Mwalimu ana neno lake juu ya hilo: "Nyaya zilipita juu ya vichwa vyetu kwenda kwenu, Ustadh, nasi tuko na koroboi. Sasa nami naunywesha gari."

Gari lake ni dogo la Kijapani, mtumba, limeshatembea sana kabla ya kupakiwa melini. Hulitia umeme usiku katika soketi ya kawaida ukutani, kama mtu atiaye simu. Kwa betri yake ya kilowati-saa 30, kazi hiyo huchukua saa kumi na zaidi. Kila asubuhi akiliwasha, sauti ya mwanamke humwamkia kwa Kijapani. Mwalimu hajui asemalo, naye humjibu, "Marahaba." Tangu litoke Japani halijapata kubadilishwa hata herufi moja katika akili yake, na hilo ndilo jambo analojivunia.

La kijana ni jingine kabisa. Ni refu, jeusi, lina skrini pana mfano wa sinia la biriani, na juu ya paa lina dirisha la kioo linalofunguka kwa kidole. Gari hilo hupokea masasisho kwa njia ya intaneti. Wenyewe husema "apdeti". Maana yake ni kuwa kampuni iliyoliunda, ikiwa mbali huko ng'ambo, huiandika upya programu inayoliongoza gari, na maandishi hayo mapya hushuka yakaingia garini likiwa limeegeshwa uani.

Mimi nililielewa jambo hili kwa ubao. Tulipokuwa chuoni, mwalimu alituandikia somo ubaoni kwa wino wa masizi. Ukishalihifadhi, ubao ulioshwa, ukaandikwa somo jipya. Mbao ni ile ile, somo ni jingine. Lakini kuna saa moja ambapo ubao umeoshwa na haujaandikwa, na mtoto akiulizwa somo saa hiyo, hana la kusoma. Ugomvi wa Siakago ulizaliwa katika saa hiyo.

Kijana ana mama mgonjwa wa figo, ambaye husafishwa damu Embu kwa siku maalumu. Usiku mmoja, kesho yake ikiwa ndiyo siku ya mama, skrini ilimwuliza kama yuko tayari kupokea apdeti. Akabonyeza ndiyo, akalala. Alfajiri alilikuta gari limekwama katikati ya kazi: la kale limeondoka, jipya halijakamilika. Halikuwaka wala halikusogea. Alipiga simu kwa waliomwuzia, akaambiwa asubiri ofisi ifunguliwe. Mama amekaa barazani, mkoba mkononi, miguu imevimba. Kijana hakuwa na budi kwenda kubisha kwa jirani.

Mwalimu alitoka na kile kigari chake, mwanamke wa Kijapani akasalimu, wakaenda. Walifika kwa kuchelewa, lakini walifika, na mama alihudumiwa. Makosa aliyafanya mwalimu wakati wa kurudi. Alicheka. Alisema mbele ya watu, "Kijana, gari langu halijasoma tangu litoke kwao, lakini lajua njia ya Embu." Maneno hayo yalizunguka soko lote, na kijana akaacha kumsalimia.

Nilipomwendea kijana nyumbani kwake, alinikaribisha kwa heshima, akaniambia, "Mzee, mimi sikatai kuwa nilifedheheka. Lakini mwalimu asiseme apdeti ni ujinga." Akanipa kisa cha Marekani cha mwaka 2018. Wapimaji wa magazeti ya huko waliligundua gari la Tesla Model 3 kuwa huchukua umbali mrefu mno kusimama breki zikikanyagwa kwa ghafla. Kampuni ikaandika programu mpya, ikaituma hewani, na umbali ule ukapungua kwa karibu mita 6. Hakuna gari lililorudishwa gereji. "Mita sita, mzee," aliniambia. "Hapo kuna mtoto mzima anayevuka barabara."

Sikuweza kumpinga. Lakini nami nilikuwa na kisa changu cha kampuni hiyo hiyo. Mwezi wa Septemba 2017, kimbunga Irma kilipoielekea Florida, baadhi ya wenye magari ya Tesla waliokuwa wakikimbia waliona magari yao yameongezewa mwendo wa betri usiku mmoja. Watu wakashukuru, kisha wakajiuliza: ziada ile ilitoka wapi? Ilikuwamo muda wote. Betri ilikuwa kubwa kuliko ile waliyoilipia, na sehemu yake ilifungwa kwa programu hadi mtu aongeze fedha. Kimbunga kilipopita, sehemu ile ikafungwa tena. Kijana alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kwa hiyo mtu anaweza kukaa juu ya kitu chake na kisiwe chake."

Si jambo geni kwa watu wa Siakago, kwa kweli. Taa za jua zinazolipiwa kidogo kidogo kwa simu zilianza kuuzwa Kenya mwaka 2012, na kila aliyekosa kulipa anajua taa huzimwa na mtu asiyemjua. Tofauti ni kwamba mwenye taa aliambiwa tangu mwanzo kuwa bado anadaiwa.

Kesho yake kijana alinichukua kwenda upande wa Kiritiri nikaone barabara ya mabwawani. Hapo ndipo nilipoijua shida yake ya pili. Gari la umeme halina mngurumo. Likienda polepole halisikiki kabisa, hata mataifa yakalazimika kuweka kanuni mwaka 2016 kuwa lipewe sauti ya kutengenezwa, ili kipofu na mtoto wasigongwe. Ulaya imelazimisha sauti hiyo kwa magari yote mapya tangu mwaka 2021. Sokoni Siakago tulipopita, gari lilitoa mlio mwembamba kama wa kinanda cha mbali, na punda wawili wakageuza masikio. Lakini tulipofika mwendo wa kilomita themanini, ikaanza sauti nyingine, filimbi kali juu ya vichwa vyetu. Katika gari la petroli injini ingeifunika. Humu ilikuwa peke yake, imetawala.

"Na nikifungua?" akauliza, akagusa skrini. Dirisha la paa likarudi nyuma, na ghafla nikahisi masikio yangu yanapigwa kwa vishindo, bu-bu-bu, hata kifua kikatetema. Nikamwambia afungue kidogo dirisha la nyuma. Akafungua, vishindo vikatoweka. Aliniangalia kama mtu aliyeona mazingaombwe. Si mazingaombwe. Upepo ukipita juu ya tundu la chumba kilichozibwa, hewa ya ndani hutikisika kwa pamoja, kama upulizapo mdomo wa chupa tupu. Sisi tumeikuza elimu hiyo zamani: siwa ya shaba iliyo katika makumbusho ya Lamu huita watu kwa hewa inayotetema ndani ya mwili wake. Chupa ikiwa na tundu la pili, huacha kuimba.

Filimbi ya dirisha lililofungwa ilikuwa jambo jingine. Kijana alikuwa ameilalamikia kwa waliomwuzia, nao wakamjibu asubiri apdeti ijayo. Nilicheka hadi nikatoa machozi, na kwa bahati njema yeye pia alicheka. Upepo hauna programu. Tulikwenda kwa fundi mmoja wa kando ya soko, atengenezaye kila kitu kuanzia matrekta hadi vitanda. Hakuuliza juu ya skrini. Alichukua kipande cha karatasi, akakibana kati ya kioo na mpira wa kuzibia, akakivuta. Penye mpira mzima karatasi iling'ang'ania. Alipofika kona ya mbele upande wa dereva, ikatoka bila kushikwa. Hapo mpira ulikuwa umekunjika na kujaa vumbi. Akausafisha, akaunyosha, akauongezea raba nyembamba kwa gundi. Kisha akazibua vijia vya kutolea maji ya mvua pembezoni mwa dirisha, navyo vilijaa vumbi lile lile; "Mvua ya kwanza ungeoga humu ndani," alimwambia kijana. Tukarudi barabarani. Filimbi haikuwako.

Jioni nilimshawishi kijana tupite kwa mwalimu. Mwalimu alitukaribisha chai, lakini baridi ilikuwapo. Nikaamua kumchokoza yeye. Nilimwuliza betri yake inaendeleaje, akakiri kwa shingo upande kuwa vile vistari vya kuonyesha uhai wa betri vinapungua mwaka hata mwaka. Nikamsimulia habari za New Zealand, nchi inayonunua mitumba ya Kijapani kama sisi. Huko wenye Nissan Leaf za betri ya kilowati-saa 30 waliona betri zao zinazeeka upesi ajabu, wakakusanya vipimo vyao pamoja, wakapiga kelele. Mwaka 2018 Nissan ikatoa programu mpya, kwani ilidhihirika kuwa kipimo ndicho kilichokosea. Betri zilikuwa na uhai zaidi ya ulioonyeshwa. "Kwa hiyo, mwalimu," nilimwambia, "yuko mtu aliyeuza gari zima kwa bei ya gari bovu, kwa sababu hakufutiwa ubao."

Mwalimu akatazama chini. Kijana akainuka bila kuambiwa, akaenda kuleta kifaa kidogo kinachochomekwa chini ya usukani, kinachosoma hali ya betri na kuipeleka kwenye simu. Wakainama wote wawili katika kigari kile, vichwa vyao vikigusana, mwanamke wa Kijapani akiwasemesha. Ningependa kukuambia, msomaji, kuwa kipimo kilikuwa kikidanganya. La. Betri ilikuwa imechoka kweli. Lakini mwalimu alishukuru kujua, na aliposema, "Asante, mwanangu," nilijua kazi iliyonileta imekwisha. Kabla ya kuagana walipatana jambo moja: kijana habonyezi apdeti usiku wa kuamkia siku ya mama, na siku ya mama likikwama tena, cha mwalimu kiko tayari, madhali betri yake inafika Embu.

Mimi nilibaki na swali langu. Katika vitabu vya muamala tulivyosomeshwa, muuzaji hudhihirisha aibu ya bidhaa yake kabla ya kupokea bei, na akishakabidhi, mkono wake hutoka. Bidhaa hizi za leo mkono wa muuzaji hubaki ndani. Huenda ukabaki kwa wema, ukarekebisha breki kukiwa usiku. Huenda ukabaki kwa kufunga. Anunuaye hana budi kuuliza mapema: je, nikikataa apdeti, gari litaendelea kutembea? Ikikwama, nani ataifungua, na kwa saa ngapi? Siku kampuni itakapofunga milango, nitabaki na gari au na bati? Maswali hayo hayajibiwi na skrini. Yaandikwe katika hati ya mauzo. Nami namwachia msomaji ubeti mmoja:

Gari langu mlangoni, bei nimeshaitoa,
Ufunguo mkononi, kwa nini wanikomoa?
Wewe wafunga ng'amboni, nani atalifungua?
Mali hiyo ni ya nani, nijuze nipate jua.