Mjumbe wa Watu Barazani

Morotonga ni kata ya wilaya ya Serengeti. Watu wake hawawezi kwenda wote Dodoma kunena haja zao. Kwa hiyo jimbo la Serengeti humchagua mbunge anene kwa ajili yao.

Zamani haikuwa hivyo. Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika lilianzishwa mwaka 1926, wala hapakuwa na Mwafrika ndani yake mpaka mwaka 1945. Ndipo Gavana alipowateua machifu wawili, Kidaha Makwaia wa Usukuma na Abdiel Shangali wa Uchagani.

Katika uchaguzi wa 1958 na 1959, mpiga kura alitakiwa awe na elimu, au mapato, au cheo. Mkulima asiye na hayo alinyamaza. Baada ya uhuru wa mwaka 1961, masharti hayo yaliondolewa.

Basi, mjumbe ni kinywa cha watu. Wasipomweleza haja zao, atanena nini?