Jua la Nairobi Halina Joto, Lakini Launguza

Sisi watu wa pwani jua twalijua kwa joto lake. Jasho likitutiririka twasema jua kali, tukakimbilia barazani au chini ya mwembe. Joto likipungua, twaona jua nalo limekwenda zake. Hesabu hiyo ndiyo iliyonitia makosani nilipohamia Nairobi pamoja na mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ambaye ana ualbino.

Tulipanga Kangemi, upande wa magharibi wa jiji, na mtoto akaingia shule ya karibu. Ulikuwa mwezi wa Julai: asubuhi ukungu, mchana mawingu, nami sivui sweta. Nikasema moyoni, hapa kijana atapumzika na jua la Mombasa. Kofia yake pana ikabaki msumarini, na chupa ya mafuta ya kukinga jua ikakaa juu ya kabati. Wiki ya tatu alirudi shuleni midomo imepasuka, masikio na kisogo vyekundu kama vilivyomwagiwa maji ya moto. "Mjomba, yaniwasha," akanambia. Sikuwa na la kumjibu.

Daktari wa ngozi niliyemwendea mjini alinifunza upya. Joto la jua na miale inayounguza ngozi ni vitu viwili mbalimbali. Nairobi iko karibu na Ikweta, tena imeinuka zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari. Kadiri mtu apandavyo, hewa ya kuichuja miale hiyo hupungua. Kila mita 1,000 nguvu yake huzidi kwa kiasi cha asilimia 10. Mawingu mepesi nayo huiachia njia. Kwa hiyo mtu aweza kutetemeka kwa baridi huku ngozi yake yaungua.

Ngozi nyeusi ina rangi ya asili iitwayo melanini, nayo humkinga mtu kwa kiasi kikubwa, ijapokuwa haizuii madoa na makunyanzi. Mwenye ualbino hana rangi hiyo, au anayo kidogo mno. Kwake yeye kuungua kwa leo na kesho ndiko kunakoleta saratani ya ngozi miaka ya baadaye. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu Wakenya 9,729 wenye ualbino. Kwa hao mafuta haya si pambo, ni dawa, na Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu lina mpango wa kuwagawia bila malipo.

Walakini mafuta yana adabu zake. Tazama chupa: namba ya kinga iandikwayo SPF iwe 30 au zaidi, na pawe na maelezo kwamba yakinga miale ya aina zote mbili, UVA na UVB. Tazama pia tarehe ya mwisho. Jipake robo saa au nusu saa kabla ya kutoka. Usipake kwa ubahili: kwa uso na shingo, jaza mstari juu ya vidole viwili. Usisahau masikio, kisogo na migongo ya viganja. Midomo ina mafuta yake. Kisha rudia kila saa mbili, na kila utokapo jasho au unawapo. Tena mafuta hayaondoi haja ya kofia, mikono mirefu na kivuli.

Hapo ndipo swali letu Waislamu linapozuka. Ijumaa moja nilimchukua mtoto Msikiti wa Jamia, katikati ya mji. Akatawadha, na mafuta ya asubuhi yakaenda na maji. Tulipotoka, jua lilikuwa bado karibu na utosi, naye hana kinga usoni. Tangu siku hiyo chupa yatembea nasi.

Na je, mafuta hayazuii wudhu? Wudhu wataka maji yafike kwenye ngozi. Mafuta yaliyonywewa na ngozi bila kuacha utando si kizuizi. Lakini ziko aina nzito, na nyingine zimetengenezwa zisitoke majini. Kwa hizo njia ya salama ni kunawa kwa sabuni kwanza, kutawadha, kuswali, kisha kujipaka upya. Mwenye shaka amwulize shehe wake, huku chupa i mkononi. Katika Ramadhani, kupaka ngozi hakufunguzi. Tahadhari ni ya midomo tu, usimeze.

Tukifikiri vizuri, swala zatusaidia. Alfajiri jua halijatoka. Adhuhuri yaingia jua likiwa na nguvu zake zote, na wudhu wenyewe wakukumbusha kupaka tena. Ongeza mara moja kabla ya Alasiri, siku yako imekwisha kwa salama.

Jambo la mwisho, ndugu msomaji. Ngozi ya mpwa wangu ilipona, lakini jina la "zeruzeru" alilorushiwa stendi ya matatu halina mafuta ya kulikinga. Hilo tutalikinga sisi, kwa ndimi zetu. Jana asubuhi alisimama mlangoni, kofia kichwani, amekwisha kujipaka, akanitazama: "Mjomba, mbona wewe huna kofia?" Nikarudi ndani kuichukua.