Ugumu wa kutambua maambukizi ya sainasi kwa wagonjwa mahututi

MGONJWA anayelalamikia pua iliyoziba, kichwa na maumivu ya uso humrahisishia daktari kazi ya kutambua maambukizi ya sainasi, yaani mianya yenye hewa iliyo ndani ya mifupa ya uso. Lakini mgonjwa mahututi aliyetiwa usingizi kwa dawa, huku akipumua kwa msaada wa mashine, hawezi kusema lolote.

Mara nyingi dalili ya pekee ni homa isiyojulikana chanzo chake. Ndiposa madaktari huchunguza kwanza mapafu, damu, mkojo, vidonda na mirija iliyo katika mishipa, kisha wakazigeukia sainasi.

Kisababishi kikuu ni mirija inayopitishwa puani, iwe ya hewa au ya chakula. Mirija hiyo huziba vitundu ambavyo majimaji ya sainasi hupitia, na kulala chali kwa siku nyingi huzidisha tatizo. Majimaji yakituama, bakteria huzaana.

Picha za CT huonyesha sainasi zilizojaa, lakini kujaa pekee si ithibati ya maambukizi. Utafiti wa madaktari wa Ufaransa uliochapishwa mwaka wa 1994 ulibainisha kwamba, miongoni mwa wagonjwa ambao picha zao zilionyesha kasoro katika sainasi za mashavu, ni asilimia 38 pekee waliokuwa na maambukizi ya bakteria.

Ithibati hupatikana kwa kudunga sainasi kwa sindano na kufyonza majimaji yaliyomo. Kabla ya hapo, pua husafishwa kwa dawa ya kuua viini, kwani bakteria wanaoishi humo bila madhara wanaweza kuingia katika sampuli na kupotosha matokeo. Katika maabara, bakteria huoteshwa, wakahesabiwa na kujaribiwa dhidi ya dawa mbalimbali.

Uangalifu huo si anasa. Kumpa viuavijasumu asiyevihitaji huchochea usugu wa bakteria, ilhali kuyapuuza maambukizi ya kweli huweza kuyafikisha kwenye mapafu, damu au hata utando wa ubongo.

Maambukizi yanapothibitishwa, mrija wa puani huondolewa au kuhamishiwa mdomoni, usaha ukafyonzwa, na mgonjwa akapewa dawa inayolingana na bakteria waliopatikana.