Waya Uliofichwa Ukutani

Tuseme yuko baba mmoja hapa Likasi, huko Kikula. Ana nyumba ya matofali, na ndani mna taa moja tu. Mkewe anataka taa ya chumbani na prizi ya kuchomekea pasi. Jumamosi baba ananunua waya. Anachimba ukuta kwa tindo, anakata njia ya mkato kutoka juu ya mlango mpaka kwenye kona, anapitisha waya, anaziba kwa saruji na kupaka rangi. Jioni taa inawaka. Hakuna alama yoyote ukutani, na baba anaona fahari.

Mwaka unapita. Baba amesafiri. Mama anataka kutundika picha ya harusi yao. Anashika msumari na nyundo, naye amesimama miguu mitupu juu ya sakafu aliyotoka kuipiga deki. Je, ni nani aliyemwambia waya ulipita wapi?

Wazee walisema: Mficha maradhi, kifo humfichua. Ndivyo ulivyo waya ndani ya ukuta. Kuuficha machoni si kosa. Kosa ni kuuficha hata mtu wa nyumbani asiweze kujua ulipo.

Umeme unavyoua

Umeme si kitu kigeni katika mji wetu. Tangu mwaka 1930 maji ya mto Lufira, pale Mwadingusha, yalianza kuzungusha mashine za umeme kwa ajili ya kazi za shaba. Lakini kuuzoea si kuujua.

Taa ya wati 60 hutumia karibu sehemu 270 za elfu za amperi moja. Sehemu 30 tu, zikipita kifuani mwa mtu, zaweza kumletea kifo. Basi, taa ndogo hutumia mara tisa ya kiasi hicho. Umeme wa nyumbani, wenye volti 220, hukaza misuli ya mkono hata mtu ashindwe kuachilia alichoshika. Pia huweza kuvuruga mapigo ya moyo. Ngozi kavu huuzuia kidogo. Ngozi yenye jasho au maji haiuzuii.

Kabla ya kushika tindo

Hapa kwetu umeme hukatika mara nyingi. Mtu huona giza, akasema, “Sasa nifanye kazi, hakuna umeme.” Hilo ni kosa kubwa. Umeme uliokatika haukuzimwa. Waweza kurudi dakika yoyote, na mikono yako ingali juu ya waya. Zima swichi kubwa kwanza, hata kama nyumba ina giza. Mwambie kila mtu wa nyumbani, na uweke alama kwenye swichi ili mtoto asiiwashe. Kisha pima waya kwa chombo cha kupimia, ambacho umekijaribu kwanza mahali penye umeme ukaona kinafanya kazi.

Chunguza pia waya wa zamani. Ziko nyumba mjini zilizojengwa na Union Minière kabla ya mwaka 1967. Waya za siku zile mara nyingi zilivikwa mpira na kitambaa. Mpira ukizeeka hukauka na kumeguka kama mkate mkavu. Usiunge waya mpya kwenye waya wa namna hiyo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Njia ya waya

Shika sheria hizi:

1. Waya upande au ushuke wima kutoka kwenye prizi au swichi, kama kamba ya timazi. Ukilazimika kuulaza, ulale sawasawa, usawa wa prizi ile. Usikate njia ya mshazari hata kama itapunguza waya. Hivyo kila aonaye swichi atajua kwamba juu yake, chini yake na kando yake si mahali pa msumari.

2. Usichimbe zaidi ya theluthi moja ya unene wa ukuta. Mfereji wa kulala hudhoofisha ukuta kuliko wa kusimama, basi uwe mfupi na usiwe na kina kirefu. Ukuta wa matofali mabichi usiuchimbe. Pitisha waya juu yake ndani ya bomba, mahali unapoonekana.

3. Waya upite ndani ya bomba la plastiki, usizikwe mtupu katika saruji. Bomba huuzuia usichubuke, na siku ya kuubadilisha utauvuta bila kubomoa. Ziba midomo ya bomba, panya wasiingie.

4. Kiungo chochote kisizikwe ukutani. Kiungo kikilegea hupata moto. Kiwe ndani ya kisanduku chenye kifuniko kinachoweza kufunguliwa.

5. Funga kitambaa puani na uvae miwani unapochimba. Vumbi la matofali huumiza mapafu, na kipande kimoja chaweza kupofusha jicho.

Unene wa waya

Waya mwembamba ukibebeshwa mzigo mkubwa hupata moto kama mtu mwenye homa, na ukiwa umefichwa hutausikia mpaka moshi utoke. Kwa taa tumia waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5. Kwa prizi tumia 2.5. Resho moja ya wati 2,000 huvuta karibu amperi 9. Resho mbili pamoja huvuta 18. Kifaa cha amperi 16 kinachokata umeme chenyewe chaweza kukataa mzigo huo, nacho chafanya vema. Usikidanganye kwa kufunga kipande cha waya mahali pake. Hicho ni mlinzi wa nyumba, nawe umemfunga macho.

Kazi ya fundi

Kuchora njia, kuchimba, kuweka mabomba na kuziba, hayo mtu mwangalifu aweza kuyafanya mwenyewe. Kuunganisha waya na kuzipima mwachie fundi anayejua kazi hiyo. Mita na waya utokao kwenye nguzo usiviguse kamwe.

Mwombe fundi mambo mawili. La kwanza, kifaa kinachokata mara umeme unapotoroka, kile cha milliamperi 30. La pili, waya wa ardhi, wenye rangi ya kijani na njano, uliofungwa kwenye fimbo ya shaba iliyopigwa chini sana. Ardhi yetu hukauka sana wakati wa kiangazi, na fimbo fupi katika udongo mkavu haisaidii.

Mtu akipigwa na umeme

Usimshike! Zima swichi kubwa. Ukishindwa, simama juu ya ubao mkavu, umsukume kwa fimbo kavu ya mti. Tuma mtu kuita msaada.

Kama hapumui, mlaze chali, weka mikono katikati ya kifua, ukandamize kwa nguvu, sentimita 5 au 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Uliyefundishwa kumpulizia pumzi, mpulizie mara mbili baada ya kila mikandamizo 30. Usiache mpaka apumue au msaada ufike. Usimnyweshe maziwa, wala usimfukie udongoni.

Palipoungua pamwagie maji safi ya baridi kwa dakika 20, ukihakikisha kwanza kwamba umeme umezimwa. Usipake mafuta, majivu wala dawa ya meno. Kisha mlete hospitali, hata akisema, “Mimi mzima.” Alama ya umeme kwenye ngozi yaweza kuwa ndogo kama mbegu ya mahindi, na nyama ya ndani imeungua vibaya, au moyo unapiga ovyo.

Karatasi ya mama

Sasa turudi kwa yule baba. Tuseme alipitisha waya wima, na kabla ya kuziba ukuta akachora kila chumba kwenye karatasi: mlango hapa, swichi hapa, waya hapa, umbali wake toka kwenye kona. Akaibandika ndani ya mlango wa kabati, akamwita mkewe na watoto, akawaonyesha.

Mwaka umepita, baba amesafiri, na mama ameshika msumari. Anafungua kabati, anatazama karatasi, anasogea hatua mbili upande wa dirisha. Anagonga. Picha inakaa vizuri, na jioni taa inawaka.

Leo nenda ukautazame ukuta wako. Waulize watu wa nyumbani kama wanajua waya ulipo. Wakinyamaza, chukua karatasi.