Mgeni wa India: Yale Ambayo Mzazi Haambiwi Kwenye Simu

Watu wa Ngara hawana haja ya kufundishwa maana ya neno mgeni. Kuanzia tarehe 28 Aprili 1994, katika muda wa takriban siku moja, watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda wakaingia katika wilaya yetu, na Benaco ikageuka mji wa mahema. Sisi ambao leo tuna miaka thelathini na kitu tulikuwa watoto wadogo. Wazazi wetu ndio waliogawana na wageni wale maji, kuni na hata ardhi ya kuzikia. Wakaja pia ndugu wa Burundi, na kambi ya Lukole ikadumu miaka mingi.

Kwa sababu hiyo, katika wilaya zetu mbili suala la mgeni limezoeleka kutazamwa kwa jicho la mwenyeji. Miaka ya karibuni tumeanza kulitazama kwa upande wa pili. Vijana wetu wanapata nafasi za masomo Bengaluru, Pune na Hyderabad, wengine kwa ufadhili wa serikali ya India na wengine kwa ng'ombe na mashamba ya kahawa yaliyouzwa. Wagonjwa nao wanapelekwa Chennai. Basi la alfajiri linapita Nyakahura, Lusahunga na Nyakanazi, na mtu ambaye hajawahi kufika hata Dar es Salaam anajikuta baada ya siku chache yupo katika nchi yenye watu zaidi ya bilioni moja, ambako hakuna hata mmoja anayejua Kihangaza.

Kamati ya msikiti wetu huombwa barua za utambulisho, na waliorejea huja kutoa shukurani. Ndipo tulipobaini jambo. Wanayotusimulia barazani baada ya sala ya Isha sio wanayowaambia wazazi kwenye simu. Kwenye simu ni salama, masomo yanaendelea, joto kidogo tu. Hilo joto kidogo la Delhi mwezi wa Mei huvuka nyuzi 40, kwa kijana aliyekulia katika baridi ya Ngara, mahali ambapo sweta halivuliwi mpaka jua limepanda. Kijana hasemi uongo. Anawaonea huruma waliouza shamba. Lakini mzazi asiyejua mwanawe anaishi vipi hawezi kumshauri, wala hawezi kuelewa kimya chake, na kimya hicho ndicho kinachotufanya tuandike.

Tuanze na karatasi. Mwanafunzi mwenye viza ya zaidi ya siku 180 hutakiwa kujiandikisha katika ofisi ya serikali inayoshughulikia wageni ndani ya siku 14 tangu kuwasili. Ili ajiandikishe anahitaji uthibitisho wa mahali anapoishi. Mwenye nyumba naye anabanwa na sheria: kila raia wa nje anayelala kwake lazima atolewe taarifa ndani ya saa 24. Kwetu tumezoea kumwarifu balozi wa nyumba kumi kwa mdomo na mambo yakaisha. Kule taarifa huingizwa kwenye mtandao pamoja na picha na namba ya pasipoti, na wapo wenye nyumba ambao, wakiona usumbufu huo, husema chumba kimekwisha kuchukuliwa. Kijana mmoja wa Rulenge alizunguka siku tisa kati ya zile kumi na nne. Wazazi wake walidhani ameanza masomo.

Na ndugu zetu wanaotamani kwenda Delhi kwa ajili ya tabligh, kwenye markazi ya Nizamuddin, wazingatie aina ya viza. Mwaka 2020 serikali ya India ilifuta viza za mamia ya wageni waliokuwa katika jamaa hiyo, kwa hoja kwamba waliingia kwa viza ya utalii wakafanya tabligh. Mtu anaweza kubishana na hoja hiyo akiwa nyumbani kwake. Akiwa uwanja wa ndege hana nafasi ya kubishana.

Sasa tuje katika jambo lililotushughulisha zaidi, nalo ni sala. Mzazi Mwislamu hujipa moyo kwamba mwanawe anakwenda nchi yenye Waislamu wengi mno, wala hajakosea. Adhana atazisikia. Ila sisi huku, kama sehemu kubwa ya Afrika Mashariki, tunafuata madhehebu ya Imamu Shafi, na Waislamu wengi wa India ni Hanafi. Tuliosoma vyuo vya Kiislamu tulifundishwa tofauti hizi darasani, tukazijibu kwenye mtihani tukasahau. Kijana wa Biharamulo anazikuta usoni siku ya kwanza, akiwa peke yake.

Atakuta kwamba Alasiri inaadhiniwa kwa kuchelewa, kwa kuwa Hanafi husubiri kivuli kiwe mara mbili ya urefu wa kitu, na Shafi hutosheka na mara moja. Atasali Alfajiri bila kunuti. Ataitikia amini kwa sauti, kisha asikie sauti yake pekee ndani ya msikiti mzima. Siku ya Idi atangoja takbira saba ahesabu tatu. Siku ya Ijumaa atakuta mawaidha marefu ya Kiurdu, halafu khutba fupi ya Kiarabu. Mlangoni kuna kapu la kofia za kuazima, na asiyevaa atapewa. Hata neno lenyewe litampotea, kwani kule sala huitwa namaz na saumu huitwa roza, na mwenzake akimwuliza kama ameshasali namaz atabaki ameduwaa.

Hakuna hata moja katika hayo lenye ubaya. Lakini tunamfahamu kijana aliyefika Hyderabad, akainua mikono wakati wa kurukuu kama alivyofundishwa madrasa, na mzee wa pembeni akamshika mkono akaushusha. Mzee alidhani anamfundisha mgeni asiyejua. Kijana alidhani amefukuzwa. Hakurudi msikitini hapo kwa miezi miwili, na katika miezi hiyo hakusali jamaa hata siku moja, wala Ijumaa. Kwenye simu alisema yupo salama.

Aliyemwokoa ni muuza matunda. Aliposikia kijana anatoka Afrika Mashariki, alimwelekeza apande basi hadi Barkas, kusini mwa jiji hilo. Barkas ni mtaa wa wazao wa Waarabu wa Hadhramaut waliokuwa askari wa mtawala wa zamani wa Hyderabad, Nizam, na jina lake linatokana na kambi ya askari. Watu hao ni Shafi. Kijana alisali Alfajiri akasikia kunuti, akalia. Baada ya sala akasikia majina ya koo yale yale yanayosikika Lamu na Unguja, kwani Hadhramaut iliwatoa watu kwenda pande zote mbili za bahari. Wakampa harisi, chakula cha ngano na nyama ambacho waliosoma Tanga au Zanzibar wanakijua kwa jina la bokoboko.

Jambo lililotufurahisha ni kwamba hakubaki Barkas. Alikwenda huko kila Ijumaa kwa muda, kisha akarudi katika msikiti wa karibu na hosteli yake, akainua mikono yake, na yule mzee, baada ya imamu kumweleza, akawa ndiye anayemwekea nafasi. Tunawaomba walimu wetu wa madrasa wawafundishe wanaoondoka tofauti hizi kabla ya safari. Somo la jioni mbili linatosha. Pia wajulishwe kwamba pwani ya kusini, hasa Kerala, Shafi ndio wengi, na atakayepelekwa huko atajiona nyumbani zaidi.

Kwa mabinti lipo gumu la ziada: misikiti mingi ya Hanafi huko haina sehemu ya wanawake. Binti aliyezoea kusali Tarawehe nyuma ya pazia katika msikiti wetu atasali Ramadhani nzima chumbani. Mama zao walijue hili, na wawapigie simu usiku ule. Wakumbuke kwamba India imetutangulia kwa saa mbili na nusu; tunapokuwa saa mbili usiku, wao ni saa nne na nusu.

Chakula hakitutii wasiwasi mwingi. Chapati, pilau, sambusa, achari na chai tulivipata kwao au kupitia kwao, pamoja na maneno gari, laki, dobi na pesa. (Bajaji, la kushangaza, halieleweki, ni jina la kampuni, na wenyewe chombo hicho hukiita auto.) Vyakula vya kiwandani hubandikwa alama: duara la kijani ndani ya mraba maana yake hakina nyama. Nyama ya halali hupatikana katika mitaa ya Waislamu. Nyama ya ng'ombe ni jambo jingine. Majimbo mengi yamekataza kwa sheria kumchinja, na jambo hilo limewahi kumwaga damu. Mgeni asiiulizie, asiibebe, asiifanyie mzaha. Wapo pia wenye nyumba wasiokula nyama kabisa, wanaokataza isipikwe chini ya paa lao. Aliyepanga kwao aheshimu sharti au atafute pengine.

Hatuwezi kuandika yote hayo tukaficha suala la rangi. Usiku wa tarehe 31 Januari 2016, huko Bengaluru, mwanafunzi wa kike kutoka Tanzania alishambuliwa na kundi la watu. Mwanamke mmoja alikuwa amegongwa na gari akafariki, na dereva alikuwa mwanafunzi kutoka Sudan. Binti wetu alipita hapo baadaye, ndani ya gari jingine, hana habari yoyote. Kosa lake lilikuwa ngozi. Watu walikamatwa, na waziri wa mambo ya nje wa India wakati huo, Sushma Swaraj, alilaani tukio hilo hadharani. Vijana wetu wanasema mambo makubwa namna hiyo ni nadra. Yanayochosha ni madogo ya kila siku, kama kutazamwa ndani ya basi, kupigwa picha bila kuombwa, na mtoto kuguswa nywele. Wanashauri kutembea wawili usiku, kuweka namba ya ubalozi wetu wa New Delhi kwenye simu, na kutojibu kila neno.

Tungependa pia waende wakijua kwamba sio Waafrika wa kwanza kuikanyaga nchi ile. Gujarat na Karnataka wapo Wasidi, wazao wa Waafrika waliovushwa bahari karne nyingi zilizopita, na wengi wao ni Waislamu. Ahmedabad upo msikiti uliojengwa mwaka 1573 na Mhabeshi, Sidi Saiyyed, wenye madirisha ya mawe yaliyochongwa kama matawi ya mti, na watu husafiri kwenda kuutazama. Malik Ambar aliuzwa utumwani Uhabeshi akiwa mtoto. Akaja kuwa mshika dola wa Ahmednagar na kuwazuia majeshi ya Mughal kwa miaka mingi, hadi kifo chake mwaka 1626. Kijana anayetazamwa ndani ya basi anastahili kuyajua haya, hata kama wanaomtazama hawayajui.

Wagonjwa wana habari yao. Tangu Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ianze Muhimbili mwaka 2015, wengi wa moyo hutibiwa nyumbani, lakini bado wapo wanaovuka bahari. Anayemsindikiza mgonjwa hupewa viza yake maalumu, na mara nyingi ndiye anayetaabika zaidi. Hujiuliza hata kama apunguze sala. Kwa Shafi, aliyenuia kukaa siku 4 kamili, mbali na ya kuingia na ya kutoka, hutimiza. Kwa Hanafi ni siku 15. Na akisali nyuma ya imamu mkazi hutimiza kwa vyovyote. Tukumbuke pia kwamba katika mafungu ya zaka msafiri aliyeishiwa analo fungu lake, na hili kamati yetu imekwisha kulifanyia kazi mara mbili.

Mama mmoja wa Biharamulo alikaa Chennai wiki saba na mumewe. Nyumba ya wageni ilikuwa na jiko moja la pamoja. Hakujua Kiingereza wala Kitamil, na kwa siku tatu alikula mkate, mpaka alipomwona mwanamke wa Kiislamu wa huko, mwenye mgonjwa wake pia, akimenya ndizi mbichi. Mtu wa Kagera akiona ndizi za kupika hahitaji mkalimani. Akachukua kisu akamsaidia kumenya. Mwenzake akamwambia ndizi hizo ni vazhakkai, naye akamwambia kwetu ni ndizi, na kuanzia hapo walipika chungu kimoja hadi wagonjwa wote wawili waliporuhusiwa. Kila Idi mwanamke yule hutuma ujumbe wa Kitamil kwenye simu, ambao Biharamulo nzima hakuna wa kuusoma. Mama yetu humjibu kwa sauti, kwa Kiswahili, humtajia hali ya mzee, bei ya maharage na jina la mjukuu aliyezaliwa.