Nafsi Iliyofichwa: Mila, Ufuasi na Uasi wa Mtu Binafsi katika Hadithi Fupi Tatu

1.0 Utangulizi

Methali ya Kiswahili isemayo "Mwacha mila ni mtumwa" inamtaja aachaye mila, lakini haimtaji aliyeiweka. Pengo hili si la methali hii peke yake. Uhakiki wa hadithi fupi zinazohusu mgongano wa mila na mtu binafsi umezoea kuwagawa wahusika katika kambi mbili: wazee wanaoshikilia ya kale na vijana wanaotaka mageuzi. Mgawanyo huo hurahisisha ufundishaji, ila huliacha swali la msingi bila jibu: mila inapoamuru, ni nani hasa anayeamuru?

Makala hii inakusudia kuonyesha kuwa swali hilo linaweza kuchunguzwa kwa msaada wa sarufi ya Kiswahili, hususan kiambishi hu- cha mazoea. Hadithi zinazochunguzwa ni "The Rain Came" ya Grace Ogot wa Kenya, iliyomo katika mkusanyiko wa Land Without Thunder (1968). "The Lottery" ya Shirley Jackson wa Marekani (1948). Na "Dead Men's Path" ya Chinua Achebe wa Nigeria (1953). Zote tatu ziliandikwa kwa Kiingereza. Kwa hiyo hoja haihusu maneno ya waandishi wenyewe, bali kile kinachodhihirika zinaposimuliwa kwa Kiswahili. Msikilizaji anayefikiriwa ni kijana wa Chiwanda, kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa mkoani Ruvuma, katika eneo lililokuwa sehemu ya Wilaya ya Mbinga kabla ya kuundwa kwa Wilaya ya Nyasa.

2.0 Sarufi ya Mazoea

Kwa kawaida kitenzi cha Kiswahili hubeba kiambishi cha nafsi au cha ngeli pamoja na kiambishi cha wakati. Katika "wanamtoa", wa- inaonyesha watendao na -na- inaonyesha wakati. Kiambishi hu- huviondoa vyote viwili. Ichukuliwe mifano ifuatayo:

(1) Jua huchomoza mashariki.
(2) Mjane hurithiwa.
(3) Binti hutolewa ziwani.

Sentensi ya (1) inaeleza jambo la maumbile. (2) na (3) zinaeleza maamuzi ya watu. Hata hivyo zote zimevaa vazi moja. Zaidi ya hayo, (2) na (3) zimo katika kauli ya kutendwa, nayo huruhusu mtenda aachwe kabisa. Anayetendwa anajulikana, anayetenda hayupo. Hivyo uamuzi wa watu husikika kana kwamba ni jua linalochomoza.

Si kwamba kila hu- inaficha jambo. "Haba na haba hujaza kibaba" ni busara isiyomdhulumu mtu. Lakini kiambishi hiki kina tabia moja inayostahili kuangaliwa kwa makini: hakina umbo lake la ukanushi. Anayetaka kuikanusha (2) hulazimika kusema "mjane harithiwi", na papo hapo kiambishi cha nafsi kinarudi. Mjane mwenyewe akikanusha, husema "sirithiwi". Kwa maneno mengine, mila inaweza kuthibitishwa pasipo nafsi, lakini haiwezi kukanushwa pasipo nafsi. Hapa ndipo uasi wa mtu binafsi unapoanzia, na hadithi tatu zilizotajwa zinaweza kupimwa kwa kigezo hiki.

3.0 Ogot: Nani Anamtoa Binti?

Katika hadithi ya Ogot, nchi imekauka. Mganga Ndithi anamweleza chifu Labong'o kuwa binti yake wa pekee, Oganda, lazima atolewe kwa mnyama wa ziwani ili mvua inyeshe. Wakazi wa ufuko wa ziwa lolote, Nyasa likiwamo, hawahitaji kufafanuliwa uzito wa masharti ya namna hiyo: ziwa hulisha, na ziwa huua.

Jambo la kuzingatia ni kuwa hakuna katili katika hadithi hii. Labong'o anampenda mwanawe na analia. Ndithi anaeleza alichooteshwa. Wanakijiji wanamsindikiza binti kwa heshima. Kila mmoja ana sababu ya kusema kuwa si yeye aliyeamua. Uamuzi umegawanywa vipande vidogo hata hakuna aliyebaki na kipande cha kutosha kuitwa mtenda. Hata Oganda mwenyewe haasi. Anatembea kuelekea ziwani. Anayeivunja sentensi ni Osinda, kijana ampendaye, anayemfuata, anamvika vazi la majani la kumficha asionwe na wahenga, na kukimbia naye.

Kisha mvua inanyesha. Msimulizi haelezi ni kwa nini. Wanakijiji wataamini kuwa kafara imepokewa. Msomaji anajua kuwa haikutolewa. Kwa ukimya huo Ogot anaitenganisha sentensi ya maumbile na sentensi ya watu: mvua hunyesha, lakini si kweli kwamba binti hutolewa. Ikumbukwe pia kuwa Osinda hazidharau imani za jamii yake. Vazi lake linathibitisha kuwa anawaogopa wahenga kama wengine. Uasi wake umo ndani ya mila.

4.0 Jackson na Achebe: Uasi Uliochelewa na Uasi wa Bandia

Kijiji cha Jackson hupiga kura kila mwaka mwezi Juni, na anayeangukiwa hupigwa mawe hadi kufa. Sehemu kubwa ya ibada ya awali imesahauliwa. Lililobaki ni sanduku jeusi, vikaratasi na mawe. Tessie Hutchinson anafika akiwa amechelewa, anatania na majirani, na halalamiki mpaka kura iiangukie familia yake. Hata hapo anataka binti yake aliyeolewa ahesabiwe humo, ili hatari igawanywe kwa wengi zaidi. Malalamiko yake ni ya kweli, lakini anachokataa ni "mimi kuuawa", sio "mtu huuawa". Nafsi imerudi ikiwa imechelewa, tena imerudi kwa ajili yake peke yake.

Michael Obi wa Achebe anaonekana kuwa kinyume cha Tessie. Ni mwalimu mkuu kijana, mwaka 1949, anayeziba njia inayokatiza uwanja wa shule kutoka kijijini hadi makaburini. Kuhani wa kijiji anamsihi kwa upole aifungue, Obi anakataa. Siku mbili baadaye mwanamke anafariki katika uzazi, na shule inaharibiwa. Msimamizi mzungu, aliyekuja kukagua, anaandika taarifa mbaya dhidi ya Obi huyo huyo.

Wahakiki wengi humwita Obi mwasi dhidi ya mila. Kigezo cha sarufi kinaonyesha vingine. Sentensi ya kijiji ni "wafu hupita hapa". Ya Obi ni "shuleni hupita wanafunzi tu". Ameondoa hu- moja na kuweka nyingine, iliyotoka kwa wakubwa wake wa kazi. Huo si uasi bali ni kuhama ufuasi. Anayeongea kwa nafsi zilizo wazi ni kuhani, anayependekeza pande zote mbili zipeane nafasi.

5.0 Umri wa Mila

Kwa kuwa hu- haina wakati, mila husikika kama haina umri. Ufuko wa Ziwa Nyasa unatoa ushahidi wa kinyume. Ngoma ya mganda, ambayo leo huhesabiwa kuwa ngoma ya jadi ya ufukoni, iliiga gwaride la askari wa kikoloni, na kuenea kwake huhusishwa na kipindi cha Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia na miaka iliyofuata. Hilo haliipunguzii heshima. Linaonyesha tu kuwa kuna watu walioianza, na kwamba kinachoitwa "hufanywa" kiliwahi kuwa "walifanya".

6.0 Hitimisho

Hoja hii haiishii katika fasihi. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inamtambua mjane kuwa huru kuishi anakotaka, kubaki bila kuolewa, au kuolewa na mwanamume amtakaye. Kisarufi, sheria hiyo imemfanya mjane kuwa mtenda. Hata hivyo sheria haisemi kwa niaba yake msibani, pale "mjane hurithiwa" inapotamkwa na kila aliyepo akatazama chini.

Mwalimu anayefundisha hadithi hizi hana haja ya kuwauliza wanafunzi kama mila ni nzuri au mbaya. Awaulize: katika sentensi hii, nani anatenda, tangu lini, na nani anatendwa? Mila yenye manufaa itayajibu maswali hayo bila kutetereka. Isiyoweza kuyajibu ndiyo inayohitaji nafsi zibaki zimefichwa.